Toleo la Majaribio

Mashine ilikataa mara ya kumi na moja, na Assia akaondoa vidole vyake kwenye kibodi, akavifuta kwenye kanga kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

"Umekosea tena," Hamimu akasema.

"Mi sijakosea."

"Basi umesahau."

"We Hamimu! Mutu anaweza sahau jina ya mama yake?"

Hamimu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mkewe, shati lake la kazini limefungwa vifungo vyote, na jasho linamtoka ingawa bado ilikuwa saa moja asubuhi. Kwenye mkeka, karibu na mlango, mama yake, Bi Sijaona, alikuwa anachambua mchele na kusikia kila kitu. Nyumba yao ya Buyenzi, mjini Bujumbura, ilikuwa na vyumba vitatu na kuta nyembamba. Humo ndani hapakuwa na neno la mume na mke tu.

Neno la siri alilichagua Assia mwenyewe, jana mchana: Mawazo, jina la marehemu mama yake, mara mbili mfululizo, herufi ndogo tupu. Alilichapa kwa mkono wake, mashine ikalikubali, ikafanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika. Betri yake ilikufa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo ilizimika papo hapo. Umeme uliporudi na Assia alipoiwasha, mashine ikauliza neno la siri, akalichapa, ikamkana. Kila ilipokataa, skrini iligeuka nyeusi, ukabaki mstari mmoja wa Kiingereza na kialama kinachopepesa, kisha ikabidi kuizima na kuanza upya.

Ndani yake mlikuwa na mémoire mbili, yaani tasnifu alizowachapia wanafunzi wa chuo huko Mutanga Sud, na hizo hazikumtia Assia homa, maana wenyewe walikuwa na nakala. Kilichomtia homa ni hati moja ambayo haikuwa na nakala popote duniani: maelezo ya Mama Chance. Huyu ni Geneviève Birindwa, mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo, anayefua nguo kwenye nyumba ya watu huko Kinindo. Kesho Ijumaa, saa mbili asubuhi, alikuwa ameitwa kuhojiwa kwenye ofisi ya wakimbizi, ili ijulikane kama yeye na binti yake Chance watapelekwa nchi nyingine kuanza maisha. Kwa Jumapili nne alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mashine akisimulia, Assia akichapa: tarehe, majina ya vijiji, majina ya waliokufa. Maneno yalipaswa kulingana na yale aliyoyasema siku ya kuandikishwa, miaka miwili iliyopita. Atakayetofautiana na maneno yake mwenyewe ataonekana mwongo, na mwongo hapandi ndege. Leo asubuhi alikuwa anakuja kuchukua karatasi zake, Chance amsomee mpaka zimkae kichwani.

"Na kwenye flash?" Assia akauliza, ingawa alijua jibu.

"Nilifuta. We mwenyewe si uliniambia nifute?"

Ni kweli alimwambia. Mama Chance aliwaapisha wote wawili kwamba habari zake hazitabaki kwenye kitu kinachoingia mfukoni. Jirani yake mmoja aliibiwa karatasi za namna hiyo, zikasomwa kwa sauti penye bomba la maji, watu wakacheka. Ndiyo maana Hamimu aliifunga diski nzima kwa neno la siri, akahamishia hati ndani, akaipangusa flash. Alifanya kila kitu kwa uaminifu, na uaminifu wake ndio uliowafungia mlango.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Hamimu hakumwambia mkewe. Mfumo wa kompyuta aliouweka jana kwenye mashine ya mkewe, Linux inayoitwa Moineau, yaani shomoro, ulikuwa haujaisha kutengenezwa. Ni Linux nyepesi, kazi ya watu wa kujitolea wanaozihurumia mashine kuukuu, na Hamimu alikuwa mmoja wa wanaoijaribu kabla haijatolewa rasmi. Kwenye ukurasa wao wa mtandaoni paliandikwa "Hamimu, Bujumbura", na ukurasa huo aliwaonyesha majirani, wateja, hata imamu, ambaye alisema mashallah bila kuelewa. Juu ya ukurasa huohuo, kwa maandishi mekundu, palikuwa na onyo: usiweke toleo la majaribio kwenye mashine unayoitegemea. Hamimu alilisoma onyo hilo. Kisha akamwambia Assia, "Ni mupya, itakimbia," kwa kuwa mashine ya mkewe ilikuwa inachukua dakika kumi kuamka, na kwa kuwa kwenye meza yake ya kazi huko Asiatique, mtaa wa maduka, alikuwa ameijaribu mara tatu bila kasoro. Mwanaume akishajiamini mara tatu, nani atamrudisha?

"Hodi hapa kwa Mama Houda!" sauti ikaita nje, kwa jina la binti wa Assia.

Hamimu alimfungulia Mama Chance, akampa mkono, akamwuliza habari za binti yake, kisha akakumbuka kwamba amechelewa kazini. Aliondoka kwa miguu, haraka haraka, bila kunywa chai.

* * *

Mama Chance alikuwa ametembea tangu Kamenge. Siku hizi essence, yaani petroli, haipatikani, na magari machache yanayopita huwa yamejaa tangu yanapoanzia. Bosi wake wa Kinindo alimruhusu kuchelewa mpaka saa nne tu. Alikaa kwenye kigoda chake, akafungua mfuko wa plastiki aliouleta kwa ajili ya karatasi, akaunyoosha magotini.

"Mama Chance," Assia akaanza, "mashine iko na shida."

"Shida gani?"

"Inakataa kufunguka."

"Hata tukingojea kidogo?"

"Hata tukingojea."

Mama Chance aliitazama mashine, akamtazama Assia, halafu akageuka kuutazama mlango. Uso wake ulibadilika. "Kuko mutu alikuya kuniulizia hapa?"

"Apana! Nani akuulizie?"

"Niambiye tu, dada. Kama kuko mutu alisema musinipe, niambiye. Sitakasirika."

Assia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kusema ukweli aliokuwa nao: mume wangu ameigusa mashine, na sasa anasema kosa ni langu. Lakini mama mkwe alikuwa pale mkekani, na mume hasemwi mbele ya mama yake. Akasema tu, "Hakuna mutu. Ni mimi. Nimeshindwa kuifungua." Bi Sijaona hakuinua uso kutoka kwenye mchele.

Wakakubaliana waanze upya kwa mkono. Assia alichukua daftari la hesabu la binti yake Houda, akaligeuza nyuma, na Mama Chance akaanza kusimulia. Safari hii hakuna kilichokwenda vizuri. Jumapili zile alikuwa anasimulia polepole, akisimama palepale, kama mtu anayepita njia aliyoizoea. Leo alikuwa na haraka. Tarehe ya kutoka kwao aliitaja mara mbili, kila mara tofauti. Jina la kijiji walikolala lilimpotea, akapiga paja lake kwa hasira.

"Usiogope," Assia akamwambia. "Tuanze ile magharibi. Mulikuwa munakula."

"Tulikuwa tunakula. Muzee wangu alikuwa amerudi ku shamba. Nilikuwa nimeweka sahani tano ku meza, bugali ilikuwa ingali na moto, njo tukasikia..."

Kalamu ya Assia ilisimama.

"Mama Chance. Tulisema ine. Wewe, muzee, Chance, na mama wa muzee."

Mama Chance alifumba mdomo. Bi Sijaona naye aliacha kuchambua.

"Ine," Mama Chance akasema. Akaukunja ule mfuko wa plastiki, akaukunjua. "Apana. Tano."

Wa tano aliitwa Prodige. Alikuwa na miaka kumi na minne. Wenye silaha walimwua baba yake na bibi yake, naye wakamchukua awabebee mizigo. Miezi mingi baadaye mtu mmoja akasema amemwona naye amebeba bunduki. Siku ya kuandikishwa hapa Bujumbura, wanawake aliopanga nao mstari walimwonya: ukisema mwanao yuko na wale watu, wataandika kwamba wewe ni mama yao. Alipofika mbele ya meza akaulizwa idadi ya familia, akasema wanne.

"Mi mwenyewe nilimutoa ku meza," akasema. "Na mudomo huu."

"Na sasa huyo mutoto iko wapi?" Bi Sijaona akauliza kutoka mkekani.

"Iko Uvira, mama. Alitoroka. Mwanamuke mumoja mwenye kuuzishaka samaki alimuona mwaka huu. Anasukuma mukokoteni. Aliuliza kama mama yake ingali muzima." Akamgeukia Assia. "Kesho nikimutaja, niko mwongo. Nisipomutaja, nitaenda mbali, na ku karatasi hatakuwa na mama. Uandike, dada. Uandike yote, mi sijasemaka yote hata siku moja."

Assia aliandika. Aliandika kurasa tisa, machozi yakimtoka, akiyafuta kwa bega ili mkono usisimame. Ilipokaribia saa nne Mama Chance alisimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Nitarudi saa kumi. Lakini, dada, ile ya mashine, ile ya batu ine, nisaidiye niipate. Njo ile banajua. Umeona mwenyewe, tarehe zimenitoka."

* * *

Huko Asiatique, kwenye kona ya kutengenezea mashine aliyopewa ndani ya duka la Jovithe, Hamimu aliiwasha mashine yake ya majaribio. Akafuta kila kitu, akaweka Moineau upya, akaifunga kwa neno lilelile, Mawazo Mawazo. Akaizima. Akaiwasha. Ikafunguka. Akarudia mara tano, ikafunguka mara tano.

"Eh, monsieur le testeur, bwana wa majaribio," Jovithe akamtania mbele ya wateja, "leo unafunga na kufungua tu, umekuwa mulinzi wa gereza?"

Watu wakacheka, na Hamimu akacheka nao kwa kuwa hapakuwa na namna. Aliwaandikia wenzake wa Moineau kwenye simu. Jibu lilikuja baada ya saa mbili, la heshima na baridi: asante kwa majaribio, diski iliyofungwa bila neno sahihi haifunguki, ndiyo kazi yake, tunatumaini mashine hiyo haikuwa ya kazi, maana onyo lipo. Aliusoma ujumbe huo mara tatu. Hata hivyo alirudi nyumbani mchana na kifua mbele kidogo, kwa sababu alikuwa na ushahidi.

"Mama Houda, nimejaribu mara tano," akasema kabla hata ya kuvua viatu. "Ileile Linux, lilelile neno. Inafunguka vizuri. Kwa hiyo si mashine. Ni wewe. Ulipoandika jana kidole kiliteleza, na sasa hatutajua kiliteleza wapi."

Assia alikuwa hajala tangu asubuhi. Alimtazama mumewe, lakini aliyesema alikuwa Bi Sijaona.

"Hamimu. Kwa nini unajaribu? Mutu anajaribu kitu ambacho kimeisha?"

Hamimu akafungua mdomo. Kwa Assia angeweza kupindisha maneno, lakini kwa mama yake hakuwahi kufaulu tangu utoto. Akasema yote: toleo la majaribio, onyo jekundu, jina lake kwenye ukurasa. Alipomaliza alikuwa bado ameshika kiatu kimoja mkononi.

Assia alivuta kiti, akawasha mashine, akachapa neno polepole, herufi moja moja, kama alivyofundishwa na masista miaka ishirini na mitano iliyopita, bila kutazama vidole. Ikakataa. Skrini ikawa nyeusi, kile kialama kikaanza kupepesa. Alikuwa na maneno kifuani ambayo mke hamwambii mume mbele ya mama mkwe, basi akayachapa palepale kwenye giza: Hamimu mwongo.

Skrini ikaandika: Hq;i;u ;zongo.

Hasira zikamwisha. Aliinama karibu na kioo. Katika maisha yake alikuwa amekosea herufi moja, pengine mbili, lakini hajawahi kukosea namna ile.

"Hamimu. Njoo usome."

"Nini hii?"

"Jina lako. Na neno lingine. Vidole vyangu viliandika vizuri, mashine imeandika hivyo. Mashine yako ya Asiatique ilitoka wapi?"

"Dubai."

"Na hii yangu?"

"Ubelgiji..." Hamimu akasema, na neno likamfia mdomoni. Akakaa chini mkekani, akaugonga na kuumwaga mchele wa mama yake.

Mashine za Dubai zina kibodi ya Kiingereza, za Ubelgiji zina ya Kifaransa, na baadhi ya herufi hazikai mahali pamoja. Jana, Moineau ililipokea jina la Mawazo kwa kibodi ya Kifaransa. Leo, ikiwa ndiyo kwanza inaamka, ilikuwa inaliuliza kwa kibodi ya Kiingereza, na kwa kuwa neno la siri halionyeshwi, hakuna aliyeona kwamba kinachoingia ni takataka. Hamimu aliijaribu mara tatu, na mara tano tena, kwenye mashine pekee ambayo kosa hilo lisingejitokeza kamwe.

Assia hakungoja maelezo. Palepale kwenye skrini nyeusi alibonyeza vitufe kimoja kimoja, akaandika kwenye daftari kila kimoja kinatoa nini. Aliitafuta M, akaikuta kwenye kitufe cha mkato. A ilikuwa kwenye Q, W na Z zimebadilishana nafasi. Kisha akaizima mashine, akaiwasha, akachapa jina la mama yake kwa vitufe vya kigeni, mara mbili. Mashine ikafunguka.

"Alhamdulillahi," Bi Sijaona akasema.

Hamimu alibaki chini. "Mama Houda, unisamehe."

"Asubuhi uliniambia nimesahau jina ya mama yangu. Ulisema mbele ya mama yako."

"Nakuomba mbele ya mama yangu. Ulikuwa na haki, mi nilikuwa na kichwa ngumu."

Assia aliitikia kwa kichwa. Hakuwa amesamehe bado, lakini alikuwa amesikia. Alipomwona anatoa simu kuwaandikia wale wenzake, akamwambia, "Uandike nani ameliona hilo kosa." Hamimu akaandika: Assia, Buyenzi.

* * *

Saa kumi Mama Chance alikuta karatasi saba zimechapwa, bado zina joto la printa. Hakushangilia. Alizipokea kwa mikono miwili, akaziweka mezani, akalivuta daftari la Houda, akaliweka kando yake. Hamimu alitumwa nje bila kuelezwa.

"Kama ingefunguka asubuhi," Mama Chance akasema, "ningeenda na hii, na ningelala usingizi."

"Unaweza kwenda na ile ingine," Assia akasema kwa sauti ndogo.

"Unajua batasema nini?"

"Sijui, Mama Chance. Kweli sijui."

"Sema kweli, mwanangu," Bi Sijaona akamwambia. "Kweli haiui."

Mama Chance alimgeukia kwa upole mwingi. "Mama, we uko kwako."

Bi Sijaona alizaliwa Buyenzi, kama mama yake. Akashika tasbihi yake.

Mama Chance aliichukua ile ya mashine. Aliikunja, akaiingiza kwenye mfuko wake wa plastiki. Halafu akaomba jambo ambalo Assia hakulitegemea: ile ya daftari nayo ichapwe, iwekwe kwenye flash, ifungwe kwa neno lake mwenyewe, na aondoke nayo.

"Si ulisema hakuna kitu mu mufuko?"

"Nilisema. Lakini siku moja nitakuwa mbali, na nitapata mutu wa kumwonyesha. Itafunguka huko?"

Assia alichapa kurasa zote tisa, haraka kuliko alivyowahi kuchapa. Alipofika mahali pa kuifunga, alimfundisha Mama Chance: achague neno lisilo na herufi zile zinazohama, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi, A, Q, W, Z, M, ili lifunguke kwa kibodi yoyote, ya Bujumbura au ya huko aendako. Akampa kiti, akageuka kuutazama ukuta.

Mama Chance alichapa kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi. Kisha akarudia, kama mashine ilivyotaka. Assia hakutazama, lakini masikio ya mchapaji yanahesabu yenyewe. Herufi saba, sawasawa na za jina la yule wa tano.

"Hakuna inayohama?"

"Hata moja. Nimeangalia vizuri."

Alitoa kwenye mashine ile flash, akaifunga kwenye pindo la kitenge kwa mafundo mawili, akawashika mkono wote, hata Hamimu aliyekuwa amesimama uani kama mgeni. Jua lilikuwa bado juu. Assia alirudi ndani kukusanya mchele wa mama mkwe uliomwagika, na kupitia ukuta ule mwembamba akamsikia Mama Chance akitembea barabarani, anajifunza kwa sauti, ili kesho ulimi usimsaliti.

"Tulikuwa tunakula. Muzee wangu alikuwa amerudi ku shamba. Nilikuwa nimeweka sahani..."

Akanyamaza. Assia akangoja, kiganja kimejaa mchele.

"Tulikuwa tunakula," sauti ikaanza tena mwanzo.